Jinsi Mama Sponji Alivyomfundisha Paka Choo

Bi Dobi alipohamia kwa mwanawe alikuja na begi la nguo, blanketi lake la miaka yote, na paka. Paka mwenyewe alikuwa mweusi tii, kifuani mweupe pee kama aliyevaa shati lililonyooshwa. Alikuwa na tabia ya kukaa wima na kukutazama kwa jicho la kuchoka, kama mtu wa ofisini anayekuambia urudi kesho. Ndiyo maana aliitwa Karani.

Bi Dobi aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi. Maisha yake yote alikuwa dobi wa hospitali, akifua mashuka ya wagonjwa hadi vidole vikakunjamana na kukataa kukunjuka. Alistaafu na magoti mabovu na pua kali. Pua ya Bi Dobi ilikuwa mahakama. Ikishatoa hukumu, hakuna rufaa. Alikuwa amepanga chumba katika nyumba ya chini yenye uwanja nyuma, na Karani alikuwa akitoka mlangoni, akichimba pale anapopenda, akifukia, akirudi zake ndani. Kisha nyumba ikauzwa, mmiliki mpya akataka kuibomoa, na mwana akasema, "Mama, njoo ukae na sisi. Nyumba ni ndogo, lakini mtu na mamaye hawabanani."

Hakujua bado. Walikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili, sebule, jiko la kusimama mtu mmoja, na choo kimoja cha kukaa kilicho pamoja na bafu. Uwanja haukuwepo. Paka angechimba wapi?

Mwana alikuwa mpishi wa shule, mtu mnene wa tabasamu aliyezoea kupikia masufuria makubwa hivi kwamba hata nyumbani alishindwa kupika chakula cha watu watatu. Kila mara kilibaki. Mkewe ndiye Mama Sponji. Huyo alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilikuwa chini, ukivuka barabara, na mtaa mzima ulimjua kwa jina hilo kwa sababu kila jioni alipandisha ngazi na vumbi la sponji kwenye nywele kama aliyenyeshewa na unga. Alikuwa na mikono ya kiume, mgongo ulionyooka, na maneno machache mno.

Hayo maneno machache ndiyo yaliyomkaa Bi Dobi kooni. Tangu siku ya harusi yao alikuwa akimwambia dada yake, "Mke wa mwanangu ni mtu mzuri, simsemi vibaya. Ila ukimwongelesha unajiona kama umepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu." Alidhani ni majivuno. Alidhani mkamwana anamwona yeye ni mwanamke wa kufua tu, asiye na la kumwambia. Na kwa kuwa Bi Dobi naye alikuwa na majivuno yake, hakuuliza.

Basi wakaishi hivyo, kwa heshima na kwa kimya. Mpishi alileta mchanga kwa ndoo kutoka kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa jirani, akaumimina kwenye beseni, wakaliweka barazani juu. Karani alilitumia kwa shingo upande. Lakini nani wa kulisafisha? Mpishi alitoka asubuhi na mapema. Mama Sponji alikuwa karakana hadi jioni. Bi Dobi, aliyekuwa nyumbani, akiinama hainuki. Ikifika saa za mchana jua linapiga beseni lile, nyumba nzima inajua. Na aliyeumia zaidi alikuwa mwenye ile pua. Mtu aliyewapa wagonjwa mashuka yenye harufu ya jua na sabuni, leo anaishi kwenye uvundo wa paka wake mwenyewe! Alikuwa akifungua dirisha, anafunga, anafungua tena, na aibu inamtafuna kimyakimya.

Karani naye hakupenda uchafu. Beseni likijaa, alikuwa akilizunguka, analinusa, halafu anamtazama Bi Dobi kwa lile jicho lake la ofisini.

Jumapili moja Mama Sponji alipandisha nyumbani mito ya kochi la mteja, kitambaa cha rangi ya maziwa, ili amalizie kushona kingo kwa mkono akiwa amekaa. Aliiweka sebuleni, akaenda kuoga. Alipotoka, Karani alikuwa juu ya mto mmoja, amechuchumaa, macho ameyafumba nusu, anafanya yake.

Mpishi ndiye aliyepiga kelele. "Mama! Mama, njoo uone! Huyu paka ametuvua nguo!" Karani akaruka, akapotelea chini ya kitanda. Mto ukabaki na doa, na doa likazidi kutanuka.

"Mama, nakuheshimu," mpishi alisema, akishika kichwa. "Lakini hii ni kazi ya watu. Kesho tutasema nini? Huyu paka itabidi tumtafutie mahali."

Mama Sponji hakusema kitu. Alivua foronya ya mto, akaitia kwenye maji, akaanza kupima kitambaa kingine. Kwa Bi Dobi, kimya kile kilikuwa kibaya kuliko makelele. Aliingia chumbani kwake, akafungua begi, akaanza kukunja nguo. Alikuwa akikunja kama alivyokunja mashuka, pembe kwa pembe, machozi yakimdondoka juu yake.

Mkamwana akaja akasimama mlangoni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, mwanangu. Kabla sijafungwa, nimeona nichukue paka wangu tuondoke."

"Muende wapi?"

Bi Dobi aliendelea kukunja. Mama Sponji akaketi kitandani, akavuta begi, akaanza kutoa zile nguo moja moja na kuzirudisha kabatini. Alizirudisha vizuri, bila kuzikunjua.

"Huyu Karani," alisema, "ana akili?"

"Kumshinda mumeo."

Mama Sponji akacheka. Bi Dobi alishtuka. Alikuwa hajawahi kukisikia kicheko kile kwa karibu. Kilikuwa kizito na kizuri.

"Basi atajifunza choo."

"Choo gani?"

"Hiki hiki tunachotumia sisi."

Kumbe kulikuwa na mteja wake, nesi mstaafu, aliyewahi kumwambia kwamba paka wake anakwenda msalani kama mtu. Mama Sponji alidhani ni utani, mpaka siku alipopeleka viti kwa huyo nesi na kumkuta paka amekalia choo, miguu yote minne juu ya ukingo, ametulia. "Nilifunga mlango nikaomba radhi," alisema.

Mpishi alipoelezwa, alitikisa kichwa. "Samaki mkunje angali mbichi, mke wangu. Huyu keshakauka."

"Huyu si samaki," Mama Sponji akajibu. "Huyu ni mla samaki."

Kazi ilianza kesho yake. Alichofanya kwanza kilikuwa kidogo hata Bi Dobi akaona ni dharau: alilihamisha beseni kutoka barazani, akaliweka bafuni, karibu na choo. Basi. Akaondoka zake karakana. Karani alilitafuta barazani, akalia, akalipata bafuni, akalitumia. Siku zikapita, hakuna kilichobadilika, ila jioni kabla ya kuvua viatu Mama Sponji alisafisha mchanga mwenyewe.

Kisha akaanza kuliinua. Alileta vipande vya mbao vilivyobaki kwenye fremu za makochi, akaweka kimoja chini ya beseni. Baada ya siku chache, kingine. Beseni likapanda taratibu kama unga wenye hamira, na Karani akapanda nalo bila kutambua kuwa anasomeshwa. Siku moja Bi Dobi aliingia bafuni akakuta beseni limekaa juu ya choo chenyewe, na paka ndani yake, anafukia mchanga kwa makini.

Hapo ndipo taabu ya watu ilipoanza. Kila aliyetaka kujisaidia ilimpasa alitoe beseni, alitue chini, amalize, alirudishe. Mpishi alilalamika hadi sauti ikakauka. "Yaani ndani ya nyumba yangu naomba ruhusa kwa paka!" Lakini alilirudisha.

Beseni nalo likaondolewa. Mama Sponji alikata mbao nyembamba ya duara, akaifunika kwa raba ngumu, ikakaa sawasawa chini ya kiti cha choo kama sahani, na juu yake akaweka mchanga. Katikati akatoboa tundu dogo la kupita yai. Kila baada ya muda alilipanua kidogo kwa kisu, na mchanga akaupunguza. Bi Dobi alikuwa akimtazama anavyokata: anapima kwa jicho, anakata kidogo, anapuliza vumbi, anatazama, anaacha. Hakukata hata mara moja zaidi ya alivyokusudia. Bi Dobi alijua kazi ya mikono anapoiona. Alianza kutoka chumbani jioni na kuketi kwenye kigoda mlangoni pa bafu, eti kwa ajili ya kupata hewa. Hewa gani, bafuni?

Karani alikuwa akiteleza. Plastiki ya kiti ilikuwa laini, na kucha zake hazikupata pa kushika. Alikaa kwa kutetemeka, mkia umesimama. Mama Sponji alitazama jambo hilo jioni moja, akaondoka bila neno, na kesho yake akaja na mkanda wa mpira, ule unaofungwa chini ya kochi ili likae na mtu asizame. Aliukata vipande, akavibandika kwenye ukingo wa kiti. Paka akashika, akatulia.

"Unaoshwa huu?" Bi Dobi aliuliza.

"Kwa sabuni na maji moto, Mama. Haunyonyi kitu."

Bi Dobi akainama kwa taabu, akanusa, akainuka. "Umepita," akasema, na wote wawili wakacheka.

Sasa siku ambayo mambo yaliharibika, ilikuwa kosa la mpishi, na hata yeye hakukana. Alikuwa amechelewa kazini. Aliitoa ile sahani, akajisaidia, akaiegemeza ukutani, akatoka mbio bila kuirudisha. Karani akaingia kwa imani yake yote, akaruka kama alivyozoea. Chubwi!

Bi Dobi alisikia mlio ambao hajawahi kuusikia kwa kiumbe yeyote, kisha kitu chembamba, chenye maji, kilichofanana na soksi nyeusi yenye macho, kikapita miguuni pake na kuingia chini ya kabati. Alikaa chini mchana kutwa akimbembeleza. Karani hakutoka. Alipotoka hatimaye, hakutaka hata kupita karibu na mlango wa bafu. Na jioni, mpishi alipotaka kupangusa viatu vyake vya kazini vya akiba, alikuta Karani ameshatoa maoni yake ndani ya kimoja.

Bi Dobi alishikwa na hasira ambayo nusu yake ilikuwa woga. Aliona begi lake tena machoni. Akavua kandambili, akamshika paka shingoni, akainua mkono.

Mama Sponji, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia, akamshika kiwiko. Alimshika kwa upole, lakini alimshika.

"Usimpige, Mama. Ukimpiga leo, choo kitakuwa mahali pa kuzama na mahali pa kupigwa. Hataingia tena."

"Kwa hiyo tumwache atuharibie?"

"Tutarudi nyuma."

"Nyuma mpaka wapi?"

"Mpaka pale alipokuwa haogopi."

Alimchukua Karani kifuani, na vumbi la sponji likamwingia paka kwenye manyoya. Akaketi sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kusema. Bi Dobi hakumkatiza, maana aliona mlango unafunguka na hakutaka kuutikisa.

"Baba yangu alikuwa fundi makochi," Mama Sponji alisema. "Kaka zangu hawakuitaka kazi hiyo; mimi ndiye niliyekuwa nashinda naye. Siku ya kwanza aliponipa nyundo nilijigonga kidole, nikaitupa, nikasema siigusi tena. Hakunigombeza. Aliichukua, akaniletea ndogo zaidi. Nikajigonga tena. Akaniletea ndogo zaidi ya ile, ya kugongea vifungo. Hiyo nikaiweza. Halafu tukapanda tena." Alimkuna paka chini ya kidevu. "Alipofariki, mafundi wenzake waliniambia niache vifaa niende nikaolewe. Niliolewa, lakini vifaa sikuviacha."

"Walikukubali?"

"Waliniachia kochi moja bovu lililowashinda, springi zote zimetoka nje kama mbavu. Nililifungua lote, nikalifunga upya. Hawakusema kitu. Ila kesho yake mmoja alinisogezea benchi nikae."

Bi Dobi akavuta pumzi. Kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, akaingia.

"Mwanangu, nikuulize. Kwa nini huwa huongei?"

Mama Sponji alimtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana masikio. Akafikiri.

"Misumari," akasema.

"Misumari?"

"Fundi wa zamani anaijaza mdomoni, ile midogo. Anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi, anagonga. Mkono mmoja umeshika kitambaa, mwingine nyundo. Msumari utauweka wapi? Nilianza nikiwa mtoto. Ukiwa na misumari mdomoni huongei, ukiongea, unameza. Siku hizi tunatumia bastola ya pini, lakini mdomo ulishazoea kufungwa." Alimpangusa paka vumbi la sponji. "Na wewe Mama nilidhani hupendi kusemeshwa. Kila nikiingia, unageukia dirisha."

"Nilikuwa nafungua dirisha kwa ajili ya harufu!" Bi Dobi alisema, na akajikuta anacheka na kulia kwa mpigo mmoja.

Kesho yake beseni lilirudi chini sakafuni, likiwa na mchanga tele, kana kwamba hakuna kilichowahi kufanyika. Mwingine angekata tamaa. Kazi yote ile, arudi kwenye mwanzo! Mama Sponji alivipanga vipande vyake vya mbao pembeni kwa utaratibu, kama anayeanza siku ya kwanza, na uso wake haukuwa na kinyongo hata chembe. Bi Dobi alimtazama akasema moyoni: huyu mtoto wa watu ana moyo wa chuma na mikono ya pamba, na mimi nilikuwa nasema ni nyumba isiyo na mtu.

Safari hii hakubaki mtazamaji. Mchana, mkamwana akiwa karakana, Bi Dobi ndiye aliyekaa kwenye kigoda na vipande vya samaki mkavu kwenye kikombe. Karani akisogea mlangoni, kipande. Akipanda, kipande. Alimwongelesha kwa sauti ile aliyowatulizia wagonjwa alipokuwa akipita wodini kuchukua mashuka. "Panda, baba. Hakuna maji leo. Panda, bwana mkubwa, mimi nipo." Nayo sahani ya raba ilipowekwa tena, mpishi alibandika karatasi mlangoni yenye herufi kubwa za kujikumbusha mwenyewe: RUDISHA!

Tundu likapanuka tena. Mchanga ukapungua hadi ukawa wa kunyunyiza tu, kama chumvi. Kisha hapakuwa na mchanga. Kisha, asubuhi moja, Mama Sponji aliitoa sahani, akaitazama, akaiweka chini ya kwapa akaenda nayo karakana, ili asije akabadili mawazo.

Bi Dobi alibaki peke yake. Mchana Karani aliamka, akajinyoosha, akaelekea bafuni. Bi Dobi hakumfuata. Alinyata na kuchungulia kwenye upenyo wa mlango. Paka alikuwa juu. Miguu minne kwenye ile mikanda ya mpira, mgongo umepinda, uso umejaa uzito wa kazi ya serikali. Halafu, sauti ndogo ya maji ikasikika.

Bi Dobi aliziba mdomo kwa kiganja. Akachukua simu.

"Amekwenda," alinong'ona.

"Nani amekwenda?" Mama Sponji naye akanong'ona. Nyuma yake cherehani ilinyamaza.

"Karani. Chooni. Sasa hivi. Bado yuko juu."

"Hajateleza?"

"Amekaa kama mkurugenzi."



"Mama," mkamwana akanong'ona, "mimi niko karakana. Mbona na mimi nanong'ona?"

Habari ikaenea kwenye ngazi nzima. Majirani walikuja kuona, lakini Karani hakuwa mtu wa maonyesho. Alikaa sebuleni akiwatazama mpaka wakaona haya. Jirani wa ghorofa ya pili, mwanamke mwenye ulimi, aliaga huku akisema, "Kweli dunia ina watu wenye nafasi. Mtu mzima anamfundisha paka choo!"

Bi Dobi hakunyanyuka, magoti hayakuruhusu, lakini sauti ilinyanyuka. "Nafasi? Huyo anaamka kabla yako na analala baada yako. Alikuwa na njia fupi ya kumtupa paka wangu nje, na mimi nyuma yake. Akachagua ndefu. Mwambie mke wa mwanao akufanyie hivyo, halafu uje tuzungumze."

Jirani akashuka ngazi. Mama Sponji, aliyekuwa jikoni na kisu cha vitunguu mkononi, alisimama tuli kwa muda mrefu. Kisha akaendelea kukata, na Bi Dobi akamsikia anaimba kwa ndani, mdomo umefumba.

Kuna kitu kimoja Karani hakukijua kamwe, nacho ni kuvuta maji. Alikuwa akimaliza, anashuka, anapita sebuleni mkia juu, na aliye karibu ndiye aendaye. Asubuhi mpishi akigonga mlango wa bafu bila kujibiwa, alijua ni nani yuko ndani, na alisubiri.

Miaka ikasonga, na paka akazeeka. Akaanza kusita chini ya choo, anainua kichwa, anapima, haruki. Bi Dobi aliliona hilo, hakusema. Kuna mambo mtu hupenda kuyaona peke yake kwanza. Lakini jioni ya siku ya tatu Mama Sponji alipandisha na kitu begani kilichofungwa kwenye gunia. Kilikuwa ngazi ndogo ya mbao, vidaraja viwili vipana, vimejazwa sponji na kufunikwa raba, na kingo zake zimegongwa misumari ya kichwa cha shaba, mmoja mmoja, kwa mkono. Aliiweka mbele ya choo, akaitikisa kuona kama imesimama, akasogea pembeni.

Karani alinusa kidaraja cha kwanza. Akaweka mguu. Akapanda cha pili, akafika juu, akageuka taratibu na kuketi.

Wanawake wale wawili walimpa kisogo ili awe na faragha yake. Alipomaliza na kushuka, Bi Dobi akajiinua kwenye kigoda, akamshika mkamwana bega, akaingia kuvuta maji.